Vigoe vya Konakti

Serikali ilipofuta majimbo na kuweka mikoa, Sista wetu wa michezo naye alianzisha majimbo yake manne mlimani Kilimanjaro. Nilikuwa nasomea ualimu kwenye chuo cha masista kilichokuwa juu ya Moshi, pale migomba inapoishia na msitu unapoanza. Baba yangu, Mlutheri wa kufa na kupona, hakufurahi niende kwa Wakatoliki, lakini nafasi niliipata huko, na yeye alikuwa mtu wa kusema kuwa mlango uliofunguliwa haufungwi kwa teke.

Sista alitoka Ayalandi. Alikuwa na mashavu mekundu na miguu mirefu, na alipokimbia alilikunja vazi lake la utawa na kulibana kiunoni kwa pini kubwa. Mchezo aliotuletea kwao unaitwa haling. Unachezwa kwa fimbo yenye kichwa kipana kilichopinda, na mpira wa ngozi mgumu kama tunda bichi. Sisi tuliuita mchezo wa vigoe, kwa kuwa fimbo zile zilitukumbusha vigoe vya nyumbani vya kuvutia matawi ya kahawa. Fundi seremala wa misheni alituchongea kutoka kwenye mashina ya miti, pale shina linapokunja kuingia mzizini, na fundi viatu mmoja wa Kiboriloni ndiye aliyeshona mipira. Ukiupitisha mpira chini ya mtambaa panya mlipata pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, pointi moja. Zaidi ya hapo ilikuwa ni kukimbia, kupigwa visigino na kujikaza usilie.

Timu zilikuwa nne, naye akazipa majina ya majimbo ya kwao. Wanafunzi wa uuguzi wa mjini walikuwa Lensta. Wasichana wa kituo cha mapishi na ushonaji kule tambarare kwenye mashamba ya miwa, watoto wa wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali, walikuwa Mansta. Shule moja ya wasichana ya upande wa mashariki wa mlima ilikuwa Alsta. Sisi tulikuwa Konakti.

"Konakti ni jimbo langu," Sista alituambia. "Ni la mawe na mvua. Wenzetu wana ng'ombe wanono, sisi tuna ukungu."

Ukungu kweli tulikuwa nao. Uwanja wetu tuliuchimba wenyewe, siku za kujitolea, kwenye malisho ya zamani yaliyopakana na msitu. Kila alasiri wingu lilishuka kutoka juu kama maziwa yanayomwagika taratibu, likafunika kwanza goli la juu, kisha katikati, kisha goli la chini. Mimi nilikuwa mlinda mlango, na Sista alipenda nianze goli la juu, chini ya miti.

Mchezaji wetu hodari alikuwa msichana ambaye kitanda chake kilipakana na changu bwenini. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu, na alifunga kichwani kitambaa chekundu. Alilelewa tangu uchanga kwenye kituo cha watoto yatima cha masista mjini. Kichagga hakukijua hata salamu, na ukimuuliza kwao ni wapi alikujibu, "Kwetu ni kwa masista," akaendelea na shughuli zake. Tulipendana kama watu wanaopendana bila kuambiana.

Mechi ya kwanza tulicheza nyumbani na Lensta. Mpaka mapumziko kulikuwa na jua. Kipindi cha pili wingu likashuka, na mwenzangu akawa kama amefunguliwa kamba. Alifunga, akafunga tena. Padri aliyekuwa mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho, nahodha wa wale wauguzi alimwendea akiwa amekasirika.

"Padri, hawa wanatuibia. Wamechezesha kumi na watatu."

Sista alitupanga mstari akatuhesabu kwa kidole, padri naye akahesabu. Tulikuwa kumi na wawili, kama sheria inavyotaka.

"Yule wa kitambaa chekundu," nahodha akasema. "Wako wawili. Alinipita kulia, nikageuka nimfuate, nikamkuta anakuja kushoto."

Tulicheka. Anayefungwa hakosi sababu. Lakini wakati wageni wananawa miguu kwenye mfereji, muuguzi mmoja mpole, ambaye hakuwa amesema chochote, alinisogelea.

"Dada, mwenzenu yule mkono wake una tatizo gani?"

"Hauna tatizo."

"Tulipogombania mpira chini nilimshika mkono kwa bahati mbaya. Mimi niko wodi ya wazazi. Kila siku nashika mikono ya vichanga. Ule mkono ulikuwa wa kichanga." Akafuta kiganja chake kwenye sketi, akafuta tena, akaenda kupanda lori.

Jioni ile, wakati wa chakula, niliitazama mikono ya mwenzangu. Ilikuwa mikubwa, yenye sugu na michubuko kama ya sisi sote. Nilimuuliza, nikijifanya natania, amewezaje kukimbia vile bila kuhema.

"Sijui," alisema. "Wingu likishuka pale uwanjani sichoki. Nasikia kama kuna mtu amenipokea nusu ya uzito." Akacheka. "Usimwambie Sista, atanipeleka kwa daktari."

Mechi ya pili ilikuwa ugenini kwa Mansta, huko chini kwenye miwa. Jua lilikuwa kali, vumbi limetanda, na wale wasichana walikuwa na mapafu ya watu waliozoea joto. Mwenzangu alicheza kama mtu yeyote. Kipindi cha pili aliinama pembeni akatapika, na tukafungwa. Kwenye lori, tukipanda kurudi nyumbani, aliegemea bega langu.

"Leo nimejibeba mwenyewe," alisema. Niliona anahuzunika, na si kwa sababu ya kufungwa.

Siku ya mechi na Alsta watu wa jirani walikuja wengi. Habari ya mabinti wanaokimbizana na fimbo ilikuwa imeenea vihambani, kwenye migomba ya majirani. Wanaume walisema ni aibu, wakaja kuishuhudia hiyo aibu. Kina mama walisimama ng'ambo ya mfereji na mizigo yao ya majani ya ng'ombe kichwani. Miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja mwembamba aliyejifunga kaniki, ambaye nilimfahamu kwa sura tu. Alikaa kihamba cha karibu, peke yake, na hakuwa mtu wa maneno.

Wingu lilishuka mapema. Nilikuwa goli la juu, mgongo wangu kwa msitu, na baada ya muda sikuona tena mtu yeyote. Nilibaki na sauti tu: vigoe vikigongana, filimbi, mtu akiita "Nipe! Nipe!" Kisha nikasikia kule mbali, goli la chini, kelele za furaha na jina la mwenzangu likiitwa. Amefunga.

Na wakati huohuo alikuwa amesimama mbele yangu.

Alinipa mgongo, hatua chache tu kutoka nilipokuwa. Kitambaa chekundu, shingo ile ndefu. Nilidhani amerudi kusaidia ulinzi, halafu akili ikanikumbusha kwamba bado wanamshangilia kule chini. Nilimwita kwa jina. Hakugeuka. Polepole akaanza kutembea kupita pembeni ya goli, kuelekea msituni, na hapo ndipo nilipotazama nyasi. Umande ulikuwa umezijaa. Pale nilipokanyaga mimi palikuwa na alama nyeusi za nyayo zangu. Pale alipopita yeye umande ulikuwa umetulia, mweupe, haujaguswa.

Mikono yake ilining'inia, na mikono mirefu ya blauzi iliifunika mpaka chini. Sikuona vidole, na nilishukuru sikuviona.

Kisha ng'ambo ya mfereji mtu alipiga ukelele ambao sijausikia tena. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo upande ule, kama pazia linapovutwa. Yule bibi alikuwa ametupa mzigo wake, amenyoosha kidole golini kwangu, kwa yule aliyekuwa anaondoka, kisha kule chini uwanjani, kisha tena kwangu. Akaanguka. Kina mama walimbeba. Mechi iliendelea, maana wengine walidhani ni kifafa, na tukashinda. Mabao yaliyonipita sikuona yalikotokea.

Nilimweleza Sista jioni ile, nikitegemea atanikemea. Hakunikemea wala hakucheka.

"Alikuwa anatazama wapi?" aliuliza.

"Msituni, Sista."

Alifanya ishara ya msalaba, akaniambia nisimwambie mwenzangu kwanza.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, niliitwa chumba cha wageni. Sista alikuwemo, na mwenzangu, na yule bibi wa kaniki. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Magotini alishika jani la masale. Kwetu mtu akikuletea jani hilo anakuomba msamaha, na hata kama ni adui wa damu humfukuzi. Unaweza kunyamaza mwaka mzima, lakini humrudishi nalo.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akaendelea kwa Kichagga, na hapo nikaelewa kwa nini nimeitwa. Nilipaswa kuwa mdomo wake.

"Mwambie mimi ni mama wa baba yake."

Nilimwambia. Mwenzangu alinitazama mimi, hakumtazama bibi.

"Baba yake alichukuliwa na jeshi la Mwingereza, akafia huko. Mkewe alijifungua nyumbani kwangu na mimi ndiye niliyepokea. Walikuwa wawili. Mabinti. Wazee wa ukoo wetu walisema mapacha wa uzao wa kwanza watakausha ukoo, na kwamba kifo cha baba yao ndiyo dalili. Wakaniambia mmoja asilale ndani."

Nilitafsiri mpaka hapo nikakwama. Sista akanigusa mgongo. "Endelea," alisema. "Ni haki yake kusikia."

Nikaendelea. Mwenzangu alikaa wima, mikono juu ya meza.

"Muulize alimpeleka wapi," alisema.

"Juu ya uwanja wenu," bibi akajibu. "Zamani hizo palikuwa malisho. Kuna mti mkubwa ukingoni. Nilimlaza pale wakati wa ukungu. Kesho yake nilimchukua huyu, nikamteremsha mjini kwa masista nikasema nimemwokota njiani, ili wazee wasije wakabadili nia na kumtaka naye. Mama yao alirudi kwao na hakunisemesha tena mpaka alipofariki."

"Muulize kwa nini yule na si mimi."

Niliuliza. Bibi aliinamisha kichwa.

"Huyu alikuwa analia," alisema. "Yule alikuwa kimya. Nilimchukua aliyenyamaza, kwa sababu nilijua hatanigeuza moyo njiani."

Nimefundisha miaka mingi na nimetafsiri mambo mengi, mikutanoni na kanisani. Sijapata kutafsiri sentensi nyingine nzito kama hiyo. Nilipomaliza, bibi alishuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akanyoosha lile jani.

Mwenzangu hakulipokea. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi.

"Mwambie hili jani si langu," alisema. "Mimi nimekula, nimesoma, nimelala ndani. Alipeleke kwa mwenyewe. Nitaenda naye."

Tulikwenda saa ileile, jua likiwa bado lipo. Bibi alitangulia, mwenzangu akamfuata, mimi na Sista nyuma. Tulipita katikati ya uwanja, tukapita goli langu, tukaingia chini ya miti. Bibi hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti mmoja mnene wenye mizizi iliyotoka nje kama mbavu, akaonyesha nafasi kati ya mizizi miwili. Hapakuwa na kitu. Majani makavu tu.

Sista alizungumza kwa sauti ya chini, kama anajisemea. Alisema kwao Konakti kuna kipande cha ardhi kando ya bahari, mawe matupu, ambapo watoto waliokufa bila ubatizo walizikwa kwa siri na akina baba zao, bila padri. Mtoto wa kwanza wa mama yake yuko pale. Mama yake alipokwenda kuokota mwani alikuwa anazunguka mbali asipite hapo, na yeye utotoni alidhani ni kwa ajili ya nyoka, ingawa kwao hakuna nyoka.

"Hatukuwa watu wabaya," alisema. "Tulikuwa watu walioogopa."

Bibi alichimba kwa mikono akapanda masale kati ya mizizi. Alisema maneno ambayo hakunitaka niyatafsiri. Sista aliteka maji ya mfereji kwa kiganja akayamwaga juu ya udongo, na mwenzangu akachagua jina akalitamka. Jina hilo si langu kuliandika.

Hapo ndege walinyamaza. Wingu liliingia kati ya miti, bila haraka, likiwa na baridi ya kuumiza meno. Nilimtazama mwenzangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetengana na mwili, kiganja kimefunguka kidogo, kama mtu anayemwongoza mtoto mdogo barabarani. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha vidole vyake vikajikunja vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kama vinavyofanya pale unachokishika kinapotolewa mkononi mwako.

"Twendeni," alisema.

Fainali tulicheza na Mansta, nyumbani kwetu, na ukungu siku hiyo ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilisimama golini nikiogopa kutazama mbele na kuogopa zaidi kutazama nyuma. Hakuna kilichokuja isipokuwa mpira. Mwenzangu alikimbia mpaka akaishiwa pumzi, akaomba apumzishwe, akakaa kwenye nyasi akihema kama mbuzi aliyepandishwa mlima. Watoto wa miwa walitufunga kwa pointi moja. Walipiga vigelegele, Sista akawapa kikombe alichokisugua mwenyewe kwa majivu, na hakuna aliyelalamika kuhusu idadi ya wachezaji wetu.

Tulipolala alinong'ona kutoka kitandani kwake. "Unajua, sikuwahi kujua kuwa tuko wawili mpaka nilipobaki mmoja."

Nilinyoosha mkono akaushika mpaka usingizi ulipomchukua.

Msimu wa pili haukuwa kama ule. Baadaye Sista aliitwa kwao, chuo kikachukuliwa na serikali, na wasichana wakacheza netiboli. Vigoe vyetu vilirudi kwenye kazi za vigoe. Mimi nilipangiwa shule ya mlimani, mwenzangu akapelekwa Chekereni, kwenye joto na mpunga, na akasema anapenda kuishi huko kwa sababu kunaonekana mbali.

Lakini alipanda mlimani mara kwa mara kumwona yule bibi. Mwanzoni walikaa jikoni bila lugha, bibi akimenya ndizi, yeye akichochea moto. Baadaye alijifunza Kichagga cha kumtosha kugombana naye. Nilimuuliza mara moja kama amemsamehe.

"Sijui," alisema. "Nakwenda tu. Anazeeka, na hana mtu wa kumtekea maji."

Bibi alifariki enzi za vijiji vya Ujamaa, wakati sukari na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni. Mazishi yalikuwa kihambani, chini ya migomba, na ukoo ulikuja wote, pamoja na wale ambao miaka yote walijifanya hawajui kitu. Baba mdogo wa mwenzangu, aliyekuwa msemaji wa familia, alisimama kuwataja watoto na wajukuu wa marehemu. Kabla hajaanza, mwenzangu alimfuata, akamnong'oneza sikioni. Mzee alitikisa kichwa. Akamnong'oneza tena, na safari hii hakuondoka pale alipokuwa amesimama.

Mzee alianza. Alitaja watoto, akataja wajukuu mmoja mmoja, wa huyu na wa yule. Alipofika kwa kaka yake aliyefia vitani alisita, akavua kofia, akataja majina mawili.

Wanaume wawili watatu wa umri wake walitazama chini. Mama mmoja mzee sana, nyuma kabisa, alisema "Amina" peke yake, kwa sauti kubwa. Katekista akaanzisha wimbo, kwaya ikapokea, na tukaanza kushusha jeneza.